Gari jipya, baridi ya Winnipeg, na utando mweupe chini ya mfuniko wa oili

Binti wa Uluguru (mleta uzi) – 19 Januari

Wakuu, habari za majukumu. Naandika kutoka Winnipeg, jimbo la Manitoba, Kanada. Uzi ni mrefu. Wiki mbili zilizopita nilitafuta maelezo haya kwa Kiswahili nikaambulia patupu, na usiku ule sikulala. Naandika ili atakayefungua boneti mwezi wa kwanza akakuta nilichokikuta mimi asipate presha kama niliyoipata.

Mwezi wa nane nilinunua gari jipya kabisa. Kwetu hakuna aliyewahi kununua gari likiwa na kilometa 11. Injini yake ni lita 1.5 yenye turbo. Nalilipia kila baada ya wiki mbili, kwa miaka sita, na nililiosha kila Jumamosi mpaka theluji ilipoanza.

Asubuhi ya tukio ilikuwa nyuzi 27 chini ya sifuri. Nilifungua boneti niongeze maji ya kuoshea kioo. Mimi nimekulia kwenye gereji ya mjomba wangu Morogoro. Nikiwa mdogo kazi yangu ilikuwa kushika tochi na kuosha spana, kwa hiyo boneti ikifunguka mkono wangu unakwenda wenyewe kwenye mfuniko wa oili. Nikaufungua. Chini yake kulikuwa na utando mzito, mweupe wenye umanjano, kama mayonezi. Gari lina kilometa 3,400!

Aliyekaa gereji za nyumbani anajua rangi hiyo inamaanisha nini. Tunasema oili imekuwa chai ya maziwa: maji ya rejeta yameingia kwenye oili, gasketi ya hedi, yaani kizibo kilicho chini ya kichwa cha injini, imekufa, hedi inafunguliwa inapelekwa kuchongwa. Nikapiga picha nikamtumia mjomba. Akajibu kwa sauti, sekunde nne tu: "Gasketi hiyo, mama. Usiwashe."

Nikapiga simu nilikolinunulia. Kijana wa mapokezi akanijibu ni kawaida, niendelee kuendesha, akakata. Hakuuliza naendeshaje, hakuuliza kulanti (maji ya kupozea injini) ikoje, hakusema kwa nini ni kawaida. Ukweli ni kwamba jibu lake halikuwa la uongo. Lakini mtu anayelipia gari miaka sita anastahili dakika tano za maelezo, na neno "kawaida" bila sababu halimtulizi aliyeona hedi ngapi zikifunguliwa. Siku tatu nikapanda basi, baridi ile ile, nikisimama kituoni saa kumi na moja alfajiri huku gari jipya limelala nyumbani.

Siku ya tatu mjomba akapiga mwenyewe. Akaniambia, "Nimeulala huo utando wako, nikauamkia. Gari la kilometa elfu tatu gasketi haifi bure bure. Kabla hatujalihukumu tulipime." Vipimo vyake ndivyo hivi, na havikugharimu hata senti.

Kwanza akaniambia nivute dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, niipanguse kwenye kitambaa cheupe. Kama ni gasketi, oili yote itakuwa imechafuka, kijiti kizima kina rangi ya chai. Yangu ilitoka safi, rangi ya asali, ila juu kabisa karibu na mpini kulikuwa na vitone viwili vya ule weupe. Akasema hapo moyo wake umetulia nusu.

Pili, injini ikiwa baridi, nitazame chupa ya kulanti na niweke alama ya kalamu kwenye usawa wake. Kulanti inayoingia kwenye oili lazima ipungue mahali. Nilitazama asubuhi nne mfululizo, haikushuka hata upana wa uzi. Tatu, moshi. Huku kila gari linatoa wingu jeupe asubuhi, kwa hiyo wingu peke yake si ushahidi. Alitaka ninuse: kulanti ikiungua ina harufu tamu, kama sharubati iliyoungulia sufuria. Sikuisikia. Nne, geji ya joto haipandi ovyo, na hita ya ndani ya gari inatoa joto bila kukatika.

Kisha akaniuliza swali ambalo kijana wa mapokezi alipaswa kuuliza: "Kazini kwako ni umbali gani?"

Kilometa tatu na nusu. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya alfajiri. Naliwasha gari kwa rimoti nikiwa bado ndani, linanguruma dakika kumi na tano, naendesha dakika nane, nazima. Jioni vile vile. Sokoni kilometa mbili, kanisani kilometa tano. Nikahesabu: tangu mwanzo wa Novemba lile gari halikuwahi kutembea nusu saa mfululizo hata mara moja.

Mjomba akacheka kwa mara ya kwanza siku zile. "Basi hilo gari halijawahi kuchemka. Unalipasha, hujalipika."

Nitaeleza maji yanatoka wapi kwenye komenti inayofuata maana hapa pamejaa. Naombeni pia michango ya mafundi waliomo humu.

---

Fundi wa Kijenge – 19 Januari

Dada, mjomba wako ni fundi wa kweli. Wengi wangeshakuagiza ushushe hedi. Shusha hayo maelezo, nipo nakusoma.

---

Mzee wa Lori – 19 Januari

Mimi naona ni unyevu wa hewa ya huko. Theluji ni maji, hewa imejaa maji, inaingia kwenye injini. Gari liegeshwe ndani tu, tatizo litakwisha.

---

Binti wa Uluguru – 19 Januari

Mzee wangu shikamoo. Hata mimi nilidhani hivyo, lakini ni kinyume. Hewa ya nyuzi 27 chini ya sifuri ni kavu mno, haiwezi kubeba mvuke wa maana. Ndiyo maana huku midomo inapasuka na ngozi inawasha, watu wananunua mashine za kutia unyevu vyumbani. Maji haya hayatoki nje. Yanatoka kwenye petroli yenyewe.

Petroli ni kaboni na haidrojeni. Ikiungua, ile haidrojeni inashikana na oksijeni ya hewani na kuwa maji. Si maji kidogo: lita moja ya petroli ikiungua inazaa takribani lita nzima ya maji, kwa sura ya mvuke. Karibu yote yanatoka kwenye ekzozi, na ndiyo yale mawingu meupe ya asubuhi. Lakini hakuna ringi za pistoni zinazoziba kwa asilimia mia. Kila mlipuko kwenye silinda, gesi kidogo inapenya pembeni ya pistoni inashuka kwenye sampu ilipo oili, na ule mvuke unashuka nayo.

Injini ikiwa ya moto hilo si tatizo. Mvuke unabaki mvuke, na kuna vali ndogo inaitwa PCV inayovuta zile gesi na kuzirudisha kwenye hewa inayoingia silindani zikaungue tena. Injini inapumua, inajitakasa. Injini ikiwa baridi mvuke unakutana na chuma cha baridi na kugeuka maji, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji inavyotoka jasho. Yale matone yanachanganyika na oili, na oili za kisasa zina sabuni ndani yake ya kusafisha injini, kwa hiyo zinashikana na maji na kuwa ule utando.

Kwa nini chini ya mfuniko? Pika wali, funika sufuria, kisha funua utazame mfuniko. Mvuke unapanda juu, na mfuniko wa oili ndiyo sehemu ya juu kabisa, wa plastiki, umepigwa na hewa ya nje, uko mbali na moto. Oili yote inaweza kuwa nzima huku mfuniko ukitisha.

Na kitu kilichonishangaza: geji ya joto haikuambii joto la oili. Inapima kulanti. Kulanti inapata joto haraka, oili inachelewa nyuma yake sana, na kwenye baridi kama hii mimi nazima gari geji ikiwa katikati kabisa huku oili iko vuguvugu. Kuegesha ndani kunasaidia injini isianze na baridi kali, mzee wangu, lakini safari ikibaki kilometa tatu maji yatakusanyika tu.

---

Mzee wa Lori – 19 Januari

Marahaba binti yangu. Hapo kwenye geji umenifungua macho, miaka thelathini naendesha sikulijua hilo.

---

Mtoto wa Uvira – 20 Januari

Jambo dada. Mimi ni mtu wa Uvira, niko Edmonton mwaka wa saba. Unasema unaliwasha kwa rimoti dakika kumi na tano. Hapo ndipo unajiumiza. Injini ikinguruma bila kutembea haina kazi, inazaa joto kidogo sana, lakini petroli inaungua na maji yanazidi. Mimi nilifanya hivyo miaka miwili.

Gari lako halina waya wa umeme mbele? Magari mengi yanayouzwa huku yana hita ya bloku, yaani hita ya umeme ya kupasha injini, na waya wake unaning'inia karibu na namba ya mbele. Unauchomeka kwenye soketi ya ukutani. Huna haja ya kuchomeka usiku kucha, saa mbili kabla ya safari zinatosha, kuna saa za soketi zinazojiwasha zenyewe. Injini inaanza ikiwa na uvuguvugu, unaendesha baada ya dakika moja, polepole kwa kilometa za mwanzo. Gari linapata joto likitembea, si likisimama.

Na usisahau kuchomoa. Niliwahi kuondoka na waya wa jirani.

---

Binti wa Uluguru – 20 Januari

Asante sana kaka. Waya upo! Nilidhani ni waya uliolegea, nikaufunga kwa kamba usining'inie. Miezi mitano. Maegesho yetu yana soketi kila nafasi, nikawa najiuliza ni za nini.

---

Fundi wa Kijenge – 20 Januari

Dada, sasa nisikilize vizuri maana kuna kitu hakijaguswa. Umesema oili kwenye dipstiki ni safi. Haya, USAWA wake ukoje? Uko kati ya alama mbili au umepanda juu ya alama ya juu? Na ukiinusa?

Nauliza kwa sababu injini za turbo zinazomwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda zina ugonjwa mwingine unaokwenda pamoja na huu. Injini ikiwa baridi, kompyuta inaongeza petroli ili isizime. Petroli ya baridi haigeuki mvuke vizuri, inapiga ukuta wa silinda kama maji, inateremka na oili mpaka kwenye sampu. Maji unayaona kwa macho kwenye mfuniko. Petroli huioni. Oili inabaki na rangi nzuri huku imekuwa nyepesi, na oili nyepesi hailindi beringi.

Hili si la kubuni. Mwanzoni mwa 2018 nchini China, Honda na mbia wake Dongfeng walisimamisha mauzo ya magari mapya ya CR-V zenye turbo ya lita 1.5 baada ya wateja wa kaskazini kwenye baridi kulalamika oili inapanda kwenye dipstiki. Marekani na Kanada malalamiko yalikuwa hayo hayo, na dawa waliyotoa ilikuwa programu mpya ya kompyuta ili injini ipate joto haraka, kisha wakaongeza muda wa dhamana ya injini. Ona kampuni kubwa ilivyotafuta suluhisho: ni joto, basi. Injini za siku hizi zimetengenezwa zisipoteze nishati, na nishati iliyokuwa ikipotea zamani ndiyo ilikuwa ikipika oili. Corolla ya mwaka 1992 ilikunywa sana lakini ilichemka upesi.

Pima usawa gari likiwa mahali tambarare, halafu leta mrejesho.

---

Njoroge wa Limuru – 20 Januari

Hapo kwa petroli umesema ukweli fundi. Na ndugu zetu wenye haibridi wajue hili pia linawahusu: injini inazima na kuwaka kila mara, oili haipati nafasi ya kuwa moto hata kwa safari ya nusu saa mjini. Ndugu yangu ako na haibridi Minnesota na kofia yake ya oili huwa nyeupe kila Januari. Gari liko sawa kabisa, sasa ni mwaka wa nane.

---

Binti wa Uluguru – 23 Januari – MREJESHO

Fundi, Mungu akubariki. Usawa umepita alama ya juu kwa karibu milimita sita. Nilipoinusa, ni petroli waziwazi, kama kitambaa cha gereji. Mara ya kwanza nilipovuta dipstiki nilikuwa natafuta rangi ya chai, nilipoikosa nikashukuru nikairudisha. Sikutazama imefika wapi. Nawaomba sana mnaosoma, tazameni vyote vitatu: rangi, usawa, harufu.

Nimerudi nilikonunulia, safari hii kwa miguu yangu, si simu. Nimeingia na picha za dipstiki za siku tatu na kitabu cha gari nimekiwekea alama. Kwa kuwa kitabu hicho kiko kwenye droo ya kila gari na hakuna anayekisoma: ukurasa wa matengenezo una ratiba mbili. Ya kawaida, na ya mazingira magumu. Tunasikia mazingira magumu tunafikiria vumbi, matope na kuvuta trela. Changu kinasema safari za chini ya kilometa 8, au chini ya kilometa 16 kukiwa na baridi ya kugandisha, ni mazingira magumu. Yaani mimi mwanamke ninayekwenda kazini taratibu kwenye barabara safi nalitumikisha gari kuliko anayevuka Kanada nzima kwa kasi ya mia na kumi.

Safari hii nimepata msikilizaji. Fundi wa zamu, mama wa makamo, ametoka mwenyewe na mikono yake ina oili. Ameunganisha kompyuta, amekuta kuna programu mpya ambayo gari langu halijawekewa, ameiweka. Ameshusha oili na kutia mpya, 0W-20. Oili nimeilipia mimi, na sikubishana, maana kwa ratiba ya mazingira magumu muda wake ulikuwa umekaribia. Risiti nimezihifadhi zote na tatizo limeandikwa kwenye kumbukumbu za gari. Injini ikija kulalamika mwaka wa nne, hakuna atakayesema sikutoa taarifa.

Nimechukua pia chupa ndogo ya ile oili ya zamani kuipeleka maabara. Huku kuna maabara za kupima oili, unatuma kwa posta.

---

Mama Wawili wa Calgary – 23 Januari

Dada, naomba kuuliza, hiyo 0W-20 kwenye baridi kali si nyepesi mno? Shemeji yangu ananishauri nitie 10W-40 kama tuliyokuwa tukitumia Dar.

---

Fundi wa Kijenge – 23 Januari

Usithubutu, dada yangu. Hiyo herufi W ni ya majira ya baridi. Namba iliyo mbele yake inaonyesha oili inavyotiririka kwenye baridi, na ndogo ndiyo bora. Ya 0W inapimwa nguvu ya kuzungusha injini kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri, 5W kwenye 30, 10W kwenye 25. Ukiweka 10W hapo Calgary, asubuhi ya baridi kali unawasha injini na oili imekuwa kama grisi, haifiki juu upesi, chuma kinasagana kikavu. Fuata kitabu cha gari. Shemeji anasema kwa uzoefu wa Dar, na Dar yuko sahihi.

---

Mtoto wa Uvira – 24 Januari

Naongeza jambo moja la hatari kuliko utando wenyewe. Kama injini imejaa unyevu na baridi ikawa kali sana, yale maji yanaganda barafu ndani ya bomba la kupumulia. Gesi zinakosa pa kutokea, presha inajaa kwenye sampu, inatafuta njia. Inasukuma dipstiki juu, au inasukuma sili ya nyuma ya kranki, kizibo cha oili kati ya injini na gia boksi, na oili yote inamwagika barabarani. Lilimpata rafiki yangu kaskazini ya Edmonton, nyuzi 38 chini ya sifuri, barabara kuu. Alipoona taa ya oili akazima hapo hapo, akaokoa injini. Sili ilibidi gia boksi ishushwe.

Kwa hiyo anayesema utando ni kawaida yuko sawa, lakini ukiwa mwingi mwingi na safari ndefu inakuja kwenye baridi kali, usiondoke kwa kasi. Endesha mjini taratibu kwanza, injini ipate joto, barafu iyeyuke.

---

Binti wa Uluguru – 24 Januari

Hili sikulijua kabisa. Asante kaka, naliweka na kwenye kundi letu la WhatsApp la kanisani.

---

Kijana wa Makambako – 27 Januari

Wakuu, nimesoma mwanzo mwisho. Mimi niko nyumbani, sina theluji, lakini gari langu lina utando huo huo! Ni gari la mtumba kutoka Japani, nilipolileta likapanda joto mara moja, fundi akatoa termostati akasema nchi zetu hazihitaji. Toka hapo geji inakaa chini kila siku, na asubuhi za mwezi wa sita na wa saba huku kwetu mkono unakufa ganzi. Je, inahusiana?

---

Fundi wa Kijenge – 27 Januari

Kijana, umenigusa panapouma. Inahusiana moja kwa moja, na naomba kila mwenye gari Tanzania, Kenya na Uganda asome hapa.

Termostati ni mlango. Injini ikiwa baridi mlango umefungwa, kulanti inazunguka ndani tu ili injini ipate joto. Ikifika kama nyuzi 82 mpaka 90, kutegemea gari, mlango unafunguka, kulanti inakwenda rejeta kupoa. Ukiutoa mlango, kulanti inakwenda rejeta tangu sekunde ya kwanza. Injini haifiki joto lake. Kompyuta inadhani bado asubuhi, inaendelea kuongeza petroli. Maji hayatoki kwenye oili, petroli haitoki kwenye oili, ringi zinakwisha, na unakunywa mafuta kuliko jirani mwenye gari kama lako. Umeihamishia Winnipeg Makambako, kwa spana.

Gari likipanda joto, tafuta sababu: rejeta imeziba, feni haizunguki, pampu ya maji, mfuniko wa rejeta umelegea, au termostati yenyewe imekwama. Iliyokwama inabadilishwa, haitupwi ukaacha tundu. Nasema haya nikiwa fundi, na najua wenzangu wengi tulifundishwa hivyo na mabosi wetu zama za magari ya zamani. Nami nilizitoa nyingi. Siku hizi mteja akiniambia nitoe, nakataa kazi.

Rudisha termostati, weka kulanti ya kweli badala ya maji ya bomba, badilisha oili, halafu panda nalo mpaka Njombe na kurudi. Kisha futa mfuniko uone kama utando utarudi.

---

Binti wa Uluguru – 2 Februari – MREJESHO

Majibu ya maabara yametoka. Kulanti kwenye oili: hakuna hata chembe. Hapo ndipo nililia, wakuu, nisiwafiche. Maji: kidogo sana. Petroli: asilimia 4.1. Wameandika niifupishe muda wa kubadilisha oili na nitembee safari ndefu zaidi. Nimemsomea mjomba kwenye simu neno kwa neno, nikimtafsiria, akaniambia nirudie pale pa kulanti.

Ninavyofanya sasa: nachomeka gari saa mbili kabla. Rimoti nimeiacha, ni dakika moja au mbili za kufuta kioo basi. Jumapili baada ya ibada nachukua barabara ya Perimeter, ile inayozunguka jiji lote, nakwenda nusu yake kama kilometa arobaini na tano kwa mwendo wa mia, narudi kwa kukatiza mjini. Mara ya kwanza niliona ni kuunguza petroli ovyo. Sasa mama mmoja wa Burundi tunayesali naye anaomba nafasi kila wiki, kwa sababu anasema tangu afike hajauona uwanda wa nje ya mji. Theluji inang'aa mpaka macho yanauma, na mbingu ni ya samawati kama ya Juni kwetu.

Utando nauangalia kila Jumatatu. Unaufuta kwa kitambaa, huuachi ukarudi mdomoni mwa injini. Wiki ya kwanza ulirudi nusu. Wiki hii ni kama pumzi kwenye kioo.

---

Mama Wawili wa Calgary – 3 Februari

Nimechungulia wangu leo. Mweupe pe! Usawa uko chini ya alama ya juu, kulanti ipo palepale, harufu ni ya oili. Kesho naenda mpaka Banff na watoto.

---

Kijana wa Makambako – 19 Februari – MREJESHO

Termostati imerudi, shilingi elfu thelathini na tano na ufundi. Geji sasa inasimama katikati. Njombe nimeenda na kurudi mara mbili. Utando umeisha, na tenki lililokuwa linanipeleka siku nne limenipeleka sita.

---

Binti wa Uluguru – 11 Aprili – MREJESHO WA MWISHO

Barafu ya mto Red imeanza kuvunjika na mimi nimeanza tena kuosha gari Jumamosi. Usawa wa oili haujapanda tangu Februari, umesimama kwenye alama. Nimebadilisha oili tena jana bila kusubiri taa iniambie, na nitafanya hivyo kila Novemba na kila Aprili.

Mfuniko ni mkavu. Nimempigia mjomba kwa video, nikaufungua mbele ya kamera na kuugeuza juu chini. Akautazama kimya. Kisha akaniambia, "Haya, funika, vumbi lisiingie," akamgeukia kijana wake wa gereji na kumwambia aje amwone dada yake.